Herufi Thelathini na Saba

Ghorofa ya nne, Ruwi, juu ya fundi wa majoho,
natia maandishi ya Kiarabu chini ya nyuso za watu.
Nalipwa kwa dakika ya picha, si kwa neno.
Mstari mmoja, herufi thelathini na saba, nafasi zikihesabiwa;
la mtu likizidi, nakata.
Miaka sita nakata.

Jumapili ni Waturuki.
Kamshika kifundo cha mkono, vidole vimeacha alama,
fidla zinalia kwa niaba yake,
nami naandika: Nakupenda.
Kifundo hakiandikwi.

Jumatatu Wahindi. Mke mwana kaingia na sinia,
kamera inamrukia usoni mara tatu, dhu, dhu, dhu,
kwa kuwa chai imepoa.
Jumanne Wamarekani, waliomwachia huru kabisa:
huru, uchi, kalala kwenye majani ya bustani,
kashakufa kabla jina la mchezo halijatokea.
Wapelelezi wawili wanakunywa kahawa juu yake.
Hana hata mstari mmoja. Siku hiyo huwahi nyumbani.

Rajitha wa meza ya pili husema, "Hao wanawafunua."
Nisreen humjibu, "Na wenu je, wanaolizwa jikoni vipindi mia nne?"
Mimi hukoroga karaki yangu, nikawaambia
kwetu Uswahilini mwanamke ni pambo la nyumba,
hali kwenye kioo changu filamu ya Dar imeganda
pale mke msomi anapokula kofi
na jirani mlangoni anatikisa kichwa: "Sasa ndoa imepata mwenyewe."
Nyani, kundule.

Kofi halina haja ya mfasiri.
Na tangazo la sabuni linalokatiza yote hayo ni lilelile,
wamebadilisha ushungi tu:
povu, mwanamke, tabasamu,
shati lisilo lake.

Jana wakaniletea kichekesho cha hapahapa Ghuba,
cha Ramadhani, cha baada ya futari.
Nikitilie maandishi kwa ajili ya viziwi.
Humo mna mtumishi. Jina lake mchezoni ni "We".
Anavunja Kiarabu, anavunja sahani, watu wanavunjika mbavu.
Kipindi cha kumi na moja wanamficha simu,
naye anaigeukia kamera, mikono hewani,
na hati ya mtungaji yaniagiza: andika tu, Anaropoka.

Lakini lugha ile mimi nimelelewa nayo.
Nikarudisha nyuma. Nikazima kiyoyozi, nikarudisha tena.
Kwa sauti ya kuropoka, macho kayatoa kama alivyofunzwa,
mama wa Tanga, au wa Lungalunga, sijui, alikuwa akisema:
"Mwanakombo mwanangu, ukiniona humu usicheke.
Ada nimeshatuma. Mwambie shangazi asimuuze mbuzi."

Mwelekezi hakuelewa. Mshika taa hakuelewa.
Kicheko cha kwenye kanda kikaja kwa wakati wake.

Bibi yangu Thuwaiba, aliyeshuka Matrah na sanduku moja
na Kiarabu cha kusalia tu,
huvipenda sana vichekesho hivi.
Hucheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya leso.
Sijapata kumuuliza
ni machozi gani.

Nikayaandika yote, jina la mtoto, ada, mbuzi.
Yakazidi, bila shaka yakazidi.
Bwana Talal akapita nyuma ya kiti changu, akahesabu kwa kalamu:
"Zuweina, refu. Na nani atakayelisoma?"
Nikamwambia nitalitazama.

Nililitazama. Saa tisa alasiri nikalituma lilivyo.
Mwezi ukiandama, watu wakishiba, wakijilaza kwenye mito,
nyumba nzima itacheka,
na watakaomsikia
ni viziwi.