Masizi ya Jumatano

Mimi ndiye Edelmira, mwenye ndoo na funguo.
Usiniulize habari za sanaa. Niulize habari za sakafu:
vigae mia mbili na kumi na sita, darasa la tatu,
na kimoja kimepasuka karibu na mlango.

Jumatano ya kwanza alishuka kwenye basi la Concepción,
Ninoska, nywele fupi, viatu vya kiume,
kigunia begani. Mwalimu Baltierra akampa dakika arobaini
kama atoaye sadaka ya sarafu iliyotoboka,
akaenda kukaa nyuma na madaftari ya hesabu,
kalamu nyekundu ikikwaruza, ikikwaruza.

Yule mwanamke akamwaga kigunia mezani.
Makaa ya mawe.

Hapa Lota mgodi ulifungwa
watoto hawa hawajazaliwa.
Babu zao walichimba chini ya bahari,
samaki wakipita juu ya vichwa vyao,
na mimi, binti Belarmino, nilifua mashati
kila Jumamosi hadi maji ya karai yakawa wino,
hadi nikaapa: nikikua,
cheusi hakitalala chini ya paa langu.

Sasa mtu analipwa na wizara
kuurudisha uchafu ule ule!
Mgeni njoo, mwenyeji apone, husemwa.
Hawakusema mwenyeji atasugua nini.

Wakaponda kwa nyundo. Wakachekecha kwa soksi kuukuu.
Wakakoroga na kiini cha yai, na mafuta ya kitani.
Eleuterio alichora mbwa wa miguu sita,
"kwa sababu anakimbia."
Yanara hakuchora kitu. Alipaka kiganja chake
akakitazama muda mrefu, kama asomaye barua.
Kopo likapinduka. Sihitaji kukwambia nani alipiga deki.

Jumatano ya pili nilikuja na jiki.
Ya tatu nilikuja na maneno:
Dada, wewe saa saba unapanda basi,
mimi nabaki na masizi yako.
Hakujitetea. Alikunja mikono ya shati, akashika dekio,
na niseme kweli, hajui kudeki hata chembe,
anasukuma maji kama afukuzaye kuku.

Ya tano walitandika karatasi ukutani, ukumbi mzima,
wachore njia ya chini kwa chini, ile ya babu zao.
Ilikuwa na kimo gani? wakauliza.
Ninoska hajui. Baltierra ni mtu wa Temuco, hajui.
Yanara akageuka mlangoni:
"Shangazi Edelmira, ilikuwa na kimo gani?"

Nikaegemeza ufagio.
Nikaweka mkono hapa, kwenye nyonga.
Kisha sijui nini kilinipata, nikainama
jinsi baba alivyoinama, shingo mbele, magoti nje,
jinsi alivyoinama hata nyumbani
akipita mlango wa jikoni
ambao ulimtosha, ulimtosha na kubaki.

Watoto ishirini na tatu wakainama nyuma yangu.
Tukaenda hivyo hadi mwisho wa ukumbi, bila neno,
soli za viatu tu.
Kalamu nyekundu ilinyamaza.

Fedha za wizara zilikwisha Novemba.
Karatasi ilibanduliwa kabla ya mkaguzi,
na Ninoska hakuja tena, yuko shule nyingine, kaskazini,
anamwagia mwingine kopo.
Hesabu imerudi kwenye dakika zake arobaini.
Ukutani, kimo cha nyonga yangu, umebaki mkwaruzo mmoja mweusi,
mrefu kama mkono. Nasugua juu yake. Nasugua chini yake.

Leo asubuhi Eleuterio kaja kuomba ufunguo wa stoo.
Ndani mna nusu gunia.
Nimemwambia hakuna ufunguo, nimemwambia nenda darasani,
na ufunguo uko mfukoni, umepata joto la paja langu.
Alipofika kwenye kile kigae kilichopasuka nikamwita.

Saa saba, nikasema. Na soksi uje nayo mwenyewe.