Dawa ya Deni

Okwudiba alikuja kabla jogoo hawajawika,
kavaa shati la kanisani, na ilikuwa Jumatatu.
Alihesabu mezani, noti moja moja,
akilamba kidole: pauni kumi na nane,
bei ya baiskeli ya marehemu baba
aliyoichukua kwa mdomo mtupu
Uzuakoli ilipokuwa bado na treni.

"Dawa ya deni kulipa," akasema.
Mama akamvutia kiti,
akamtilia supu ya majani,
na katika supu chumvi yetu ya mwisho,
kijiko kizima.
Alikula, akafuta bakuli kwa kidole,
akaenda zake akipiga mluzi.
Ndicho ninachokikumbuka zaidi: ule mluzi.

Saa nne ndipo redio ya mwalimu Anyaegbu
ilipotuambia sisi wengine
kwamba nchi imekwisha.

Noti zilikuwa mpya. Moja haikuwa hata na namba,
mashine huko ilikuwa na haraka.
Mchikichi, jua, saini yenye mkia mrefu.
Nilizinusa: wino mtupu, hakuna jasho,
hakuna dagaa, hakuna titi la mama yeyote
aliyezificha akivuka kituo cha askari.
Hazikuwahi kununua kitu.

Mama hakulia. Alikwenda benki, Umuahia, kwa miguu,
vumbi la Januari likimpaka mvi,
akarudi nazo.
Majirani waliwashia moto za kwao.
Watoto wa Nwanyieke walichezea duka.
Za Mama ziliingia kopo la maziwa ya msaada,
kifuniko akakiziba kwa nta.
Miaka baadaye alipita mkusanyaji mmoja wa mjini
akatoa fedha halisi, nyingi.
"Haziuzwi," Mama akamjibu. "Zina mwenyewe."

Thelathini na mmoja, miaka.
Okwudiba alizikwa kwa tarumbeta na ng'ombe wawili.
Wanawe waliketi na daftari la rambirambi
wakiandika jina, wakiandika kiasi.
Mama alijikongoja mpaka mezani,
akabandua nta kwa ukucha,
akalamba kidole.
Moja.
Mbili.
Kijana wa daftari aliinua kalamu, akaishusha.
Foleni nyuma yetu ilinyamaza,
hata mpiga tarumbeta akameza pumzi yake.

"Andika," Mama akamwambia.
"Mgbeke, mke wa Okoroafor. Pauni kumi na nane.
Kile kijiko cha chumvi
usikiandike. Nimemsamehe."