Kamba ya Watu Mia Mbili

Jua lilipopasua ukungu tulikuwa tumeshajipanga,
watu mia mbili na kamba moja,
imefungwa tepe nyekundu, mifuko ya plastiki,
chochote kinachopepea na kuwatisha.
Katibu alisoma majina kwenye daftari.
Mimi, Fortunata Callisaya. Kushoto kwangu, mwanangu.
Kulia kwangu (nani kampanga huyu?)
Hilarión, ambaye sijamsemesha
tangu aling'oe jiwe la mpaka wa shamba la viazi
akalipanda hatua nne ndani ya kwetu.
Miaka sita. Hata matangani tulipeana migongo.

Tukashuka taratibu, kamba usawa wa kiuno,
nyasi za ichu zikituchoma vifundoni.
Bondeni vikunya waliinua shingo:
ungedhani ni ngamia walionyimwa nundu
wakafidiwa macho.
Kisha wakatimua mbio, ardhi ikapata mapigo.

Baba yangu aliwaua hawa. Sina haja ya kumsitiri.
Bunduki ya kuazima, mbalamwezi,
ngozi sita kwa gunia la unga,
mizoga wakaachiwa kondori.
Alipokufa hawakufika ishirini upande huu wa Apolobamba.
Na unga haukuwepo.

"Kaza!"
Neno la kwanza la Hilarión kwa miaka sita.
Nikakaza,
maana kamba hukatikia pabovu,
na pabovu palikuwa pale,
kati ya mkono wake na wangu.

Zizini tulimziba macho jike mmoja kwa kitambaa.
Yeye akashika miguu, mimi shingo.
Mashine ikapita mgongoni na mbavuni tu;
kifua na tumbo tulimwachia,
baridi ya huku haijui jina la mtu.
Wenye mimba hatuwanyoi.
Walionyolewa mwaka jana hatuwanyoi.
Gramu mia mbili na kumi, akaandika katibu.
Ukiipumulia, inaondoka.

Najua iendako. Mtu wa mji nisioufahamu
atajizungushia shingoni bei ya paa la shule yetu.
Ila safari hii mkutano ulikataa kuuza chafu:
wiki tatu tutakaa kwenye mabenchi
tuking'oa nywele ngumu, unywele kwa unywele,
ili dalali akija
asituite tena malighafi.

Tulimfungua. Alisimama kidogo,
kama anayejaribu kukumbuka alichosahau,
halafu akaupanda mlima na mgongo wake mwepesi,
hakutudai, hakutushukuru.

Hilarión akautazama ule mstari wa vumbi.
"Zilikuwa hatua tatu," akasema.
"Nne," nikasema.
Akatema majani yake ya koka,
akaanza kukunja kamba,
na ncha ya pili akanipa niishike
isije ikajisokota.