Yuniti Nne

Luku yetu ipo ukutani, nje ya chumba cha Ambokile,
moja kwa vyumba sita,
na ikianza kulia pi, pi, pi saa mbili usiku
kila mlango wa ua huu unajifanya umelala.

Ni Julai, Isanga. Loleza haujaonekana tangu Jumanne.
Baridi inapita chini ya mlango bila kubisha hodi,
inatangulia kitandani,
ukija inakupisha kidogo tu, upande wa ukutani.

Kwenye kipande cha boksi, kwa wino mwekundu,
Ambokile ameandika:
Fundi Luvanda, elfu mbili bado.
Mama Subilaga, amelipa.
Chumba cha nne, atajua mwenyewe.

Chumba cha nne ni mimi.

Nina jambo ambalo sijalisema popote:
nina hita. Chuma kilichojikunja, na waya,
nilikinunua Mwanjelwa kwa bei ya kilo mbili za mchele.
Nakitumbukiza kwenye ndoo saa kumi na moja alfajiri,
taa nimezima,
nakohoa kohoa wasisikie maji yakinguruma.
Kazi yangu ni viatu vya mitumba.
Kutwa mikono imo kwenye maji ya bomba,
nasugua matope ya miguu nisiyoijua.
Dakika kumi za maji ya moto
ndiyo anasa yangu. Wenzangu wana mashamba.

Jana ikalia tena.
"Friji ya fundi hiyo!"
"Pasi ya Tusajigwe, sketi moja anainyoosha mara tatu!"
Ambokile akasimama na tochi mdomoni, akaitoa, akauliza:
"Asubuhi niliacha yuniti nne.
Zimekwenda wapi? Zimepanda basi la Tunduma?"
Nami nikachangia, kwa sauti kuliko wote:
"Watu hawana huruma!"

Umeme ukakatika neno likiwa bado mdomoni.

Basi Mama Subilaga akalitoa jiko lake uani,
lile ambalo mguu wake wa tatu ni tofali.
Nani alileta viazi, sikuona.
Chumvi ilikuja kwenye karatasi ya daftari, yenye hesabu upande mmoja.
Luvanda akaleta parachichi, akaligawa sita kwa bisibisi,
akarudia kuvihesabu vipande,
tukamtania na Ukinga wake hadi akacheka.
Ambokile akasimulia abiria aliyelipa nauli kwa jogoo,
na jogoo akamtoroka Kabwe, katikati ya foleni,
malori yote yakipiga honi, yeye akimwita kwa jina.
"Ulishampa jina?"
"Nimpe nini kingine, mfukoni sina kitu!"
Tulikula tukipuliza vidole.
Kiazi cha majivuni hakingoji adabu,
kinakuunguza ulimi, na unataka kingine.
Tusajigwe akalala na kitabu begani kwa mtu asiye mama yake.

Tulipokuwa tunatawanyika, Mama Subilaga akanishika kiwiko.
"Mimi saa kumi nakoleza mkaa wa maandazi.
Moto ule ule unabeba na sufuria ya pili.
Hicho kichuma chako kitakuua, mwanangu."
Alisema hivyo huku akikung'uta majivu,
hakuniangalia usoni,
na tangu lini anajua, sikuthubutu kuuliza.

Leo alfajiri sufuria ilikuwa mlangoni,
imefunikwa kwa sahani, mvuke unatoka pembeni.
Nilioga polepole. Sikukohoa.

Kisha nikampelekea Ambokile elfu tano.
Akaigeuza, akaimulika kwenye mwanga.
"Mbona nyingi?"
Nikamwambia jana biashara ilichangamka.

Sikuwa nimeuza hata ndala.