Mkaguzi wa Nyuso

Miaka kumi na sita nilikaa kibandani, Valka,
mpakani, upande wa Latvia,
mhuri mkono wa kulia, chai mkono wa kushoto,
nikisoma nyuso.
Picha, uso. Uso, picha.
Ndevu hunyolewa, nywele hupakwa rangi,
mtu hunenepa kwa pombe au kwa ndoa,
lakini sikio, niliwaambia vijana,
sikio halijui kusema uongo.

Kisha Desemba moja wakang'oa kizuizi.
Waestonia walikuja na keki, sisi na bia,
na mpaka ukabaki mstari wa rangi barabarani
unaofifia kila theluji inapoyeyuka.

Hivyo hivyo jicho langu.
Hakuna aliyepiga kengele; akufukuzaye hakwambii toka.
Kwanza ilipotea ngazi ya mwisho, ile ya chini kabisa,
kisha baiskeli zikawa zinatokea ubavuni
kama zimezaliwa palepale,
kisha mkono ulionyooshwa, nami nisiupokee.
Wakasema: Visvaldis siku hizi ana maringo.

Watu hudhani ni giza. Si giza.
Pembeni hapana weusi, hapana kitu,
na ubongo, fundi wa viraka, hushona
ukuta juu ya mlango, theluji juu ya mtu.

Kule Valmiera Daktari Spuriņa alinipima:
kidevu hapa, paji hapa, tazama nukta ya katikati,
kila nuru ikichomoza, bonyeza.
Nikabonyeza.
Nikabonyeza hata pasipo nuru,
kwa kukisia, kwa mdundo, kwa aibu.
Mashine ikanikamata.
"Bwana, umeona taa kumi na moja ambazo hazikuwashwa."
Mimi! Niliyewatambua waongo
kwa jinsi walivyomeza mate.

"Si mtoto wa jicho," akasema,
"huyo tungemtoa. Hii ni presha ya macho.
Kilichokwenda kimekwenda. Tulinde kilichobaki."
Tone moja kila usiku, kulia, kushoto,
nami naonja uchungu wake kooni.

Macho hayana pazia, husemwa.
Yangu yanashonewa, polepole, kuanzia kingoni.

Mwezi mbaya ni Februari.
Anga kijivu, ukuta kijivu, makoti kijivu:
nasimama nisijue kama mbele yangu ni soko
au msitu wa misonobari,
mpaka mtu ataje bei ya viazi.
Rangi hunihurumia. Chungwa moja mezani
na soko zima linajipanga kulizunguka.

Sokoni hapo nilimpita dada yangu Skaidrīte
mara mbili, Jumamosi moja.

Jioni nikaenda kwake.
"Simama dirishani," nikamwambia. "Geuka kidogo."
Uso wake haukunijia mzima,
ulikuja kwa vipande, kama watu wa foleni:
jicho,
kovu la nyusi, siku aliyoanguka kutoka dari la nyasi kavu,
pua ya baba,
kisha sikio.
Pale kwenye sikio nilikawia.
"Pita," nikasema.

Hakucheka. Au alicheka;
midomo iko mbali mno na macho,
siwezi kuvishika vyote kwa pamoja.
"Umenuna, au unatabasamu?"

Akavuta kiti. Nikasikia miguu yake ikikwaruza sakafu.
"Kaa kwanza," akasema. "Supu inapoa."