Konzi ya Mchele

Kumbukumbu za kikao kile niliandika mimi,
kwa hiyo sina pa kujificha, mwandiko ni wangu:
"Wajumbe kumi na mmoja. Mchele ghalani, magunia arobaini.
Ajenda ya pekee: paa jipya la kanisa."

Huku kwetu Mizoram, India inapoishia,
nyumba husimama kwa miguu ya mbao ukingoni mwa bonde
na ukungu huingia jikoni bila hodi.
Kila mama, kabla ya kuinjika chungu,
huchota konzi moja ya mchele, akaitenga katika kopo la Bwana.
Konzi asubuhi, konzi jioni.
Jumamosi makopo humiminwa guniani,
na ufunguo wa ghala ulining'inia shingoni mwa Hmingliani.

Hakuwa mwombaji wa kusifiwa.
Sisi wengine tukishika sala, wali wa watu huungua.
Yeye aliomba macho wazi, mwiko mkononi,
anataja jina, anakoroga, anataja jina.
Siku moja nilimsikia akimwambia Mungu, "Subiri kidogo,"
akaenda kufungia kuku,
akarudi, akaendelea palepale alipoachia.

Kisha usiku mmoja wa Julai, mvua haina huruma,
wakavuka mto Tiau watu kutoka Burma,
watoto migongoni, sufuria, cherehani moja,
na harufu ya moshi usiokuwa wa jiko.
Lugha yao na yetu ni ndugu walioachana zamani,
lakini njaa haikuhitaji mkalimani.

Hmingliani hakuitisha kikao.
Alifungua ghala.

Kikao tuliitisha sisi, kesho yake.
Mzee Rokhuma akagonga meza: "Ruhusa umepewa na nani?"
Mimi nikasoma katiba, kifungu cha tisa, aya ya pili.
(Ilikuwa aya ya tatu. Niliangalia baadaye.)
Akauvua ufunguo, akauweka mbele yetu, kamba na yote.
"Kila konzi humo ilitoka kinywani mwa mtu.
Miaka kumi na tisa namwuliza Bwana
ni kinywa gani niirudishe.
Juzi kanionyesha vinywa mia mbili na sita.
Kama nimekosea, ufunguo huo hapo.
Ila semeni upesi, uji wa mchana nani anaupika?"

Paa likavuja. Tone likaangukia neno "paa"
nami nikalikausha kwa mkono wa shati.
Ufunguo hakuna aliyeugusa.
Rokhuma akatoka akinung'unika, nikadhani kaenda kwake;
nilimkuta nyuma ya kanisa anapasua kuni,
bado amenuna.

Na mimi? Niliandika "sijaamua", nikakaa nalo hadi Septemba.
Mimi niliyehubiri kwa kipaza sauti vijiji kadhaa,
nikarudi kila safari na sauti iliyokauka
na hesabu ya mikono iliyoinuliwa.
Mzee mmoja wa wale wageni, asiye wa imani yetu,
alinishika kiwiko karibu na bomba la maji:
"Yule mama wa ufunguo, anamwamini nani hata awe vile?"
Mahubiri yangu yote yakaja mbio mdomoni, yakasongamana mlangoni.
Nikamwambia, "Kamwulize mwenyewe. Yuko jikoni."
Ushuhuda wangu mfupi kuliko yote.

Paa bado linavuja upande wa kwaya.
Mke wangu yuko Aizawl kumuuguza dada yake,
kopo limebaki nami.
Mkono wangu ni mkubwa kuliko wake
na una hila: ukifika kwenye mchele, hujikunja mdogo.
Leo alfajiri niliulazimisha kufunguka, nikachota,
nusu ikamwagika.
Nikapiga magoti kuokota punje mojamoja chini ya meza,
na kwa kuwa nilikuwa magotini tayari,
nikaanza kutaja majina. La cherehani. La Rokhuma.
Chungu kikafurika.
"Subiri kidogo," nikasema,
nikainuka.