Mizani ya Jikoni

Usiku ule, mjini Tartu, theluji ikikwangua dirisha,
Õie alipangusa unga wa mkate mweusi kwenye mizani,
akavaa miwani,
akaweka betri ya mumewe.
Gramu mia tano na mbili.
Ya pili: mia tano na tatu.
"Kilo na ushei," akasema. "Uzito wa mkate
usiokatika, usiolika,
nawe walala nao."

Heldur hakujibu. Alikuwa akihesabu vitaa vya kijani.

Kifuani mwake mna pampu.
Husukuma damu bila kupumzika, na bila kudunda.
Waya mmoja hutokea ubavuni, hushuka hadi kiunoni
yalipo mawe mawili.
Muuguzi mgeni akimshika kifundo cha mkono, atafute mapigo,
huinua macho ghafla,
naye Heldur humtuliza: "Nipo, mama, nipo.
Weka sikio. Navuma kama jokofu."

Sauna hajaingia mwaka wa sita huu.
Jumamosi ndugu zake huvua nguo, hufunga mlango,
yeye hubaki nje kwenye benchi, kofia masikioni,
akisikia maji yakimwagwa.
Mawe yao hupiga chafya za mvuke.
Yake yamenyamaza, yanamvuta suruali.

Mimi ni jirani wa ghorofa ya juu.
Kazi yangu, ng'ambo ya mto, ni kupunguza.
Wengine husema haba na haba hujaza kibaba;
sisi maabara nzima tunakipunguza kibaba, haba kwa haba.
Tulilikwangua ganda likawa jembamba kama ukucha.
Tuliondoa skrubu mbili, tukaziomboleza.
Tulijaribu silikoni: ikaumuka kama unga wenye hamira,
ikapasua kila kilichoishika,
na miezi tisa ikaenda nayo.
Kisha Jumanne moja Raivo akapiga meza:
"Gramu kumi na mbili!"
Tukakata keki. Niliila nikilia, sijui kwa nini.

Betri yenyewe ingali kwenye majaribio, haigusi mtu.
Nilichowashushia ni ganda tu,
nimelijaza punje za risasi lipate uzito wake mpya.
Heldur alilivaa upande mmoja, uliokuwa na begi la bure.
Akaenda hadi mlangoni. Akarudi.
Akaenda tena, akainama kama anayefunga kiatu.

"Sioni tofauti," akasema.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Nami nilikuwa nimekula keki.

Õie alikata kipande cha mkate, akakipima, akakimega,
akakipima tena hadi namba ikasimama: kumi na mbili.
"Ndiyo hii," akasema, akamtilia mumewe mdomoni.
Alitafuna polepole, akinitazama.

"Binti," akasema alipomeza,
"uzito nimeshauzoea. Tumezoeana.
Hizo gramu zako nirudishie,
uzigeuze ziwe dakika.
Kutoka hapa hadi ziwani, kuvua samaki kwenye barafu,
na kurudi, napungukiwa nusu saa.
Baridi inazinywa betri, unajua wewe.
Nusu saa tu."

Sikuwa na jibu la kumpa.
Wepesi na muda ni mapacha wa ziwa moja:
ukimnyonyesha huyu, yule analia.
Na kule juu, mezani pangu, jedwali lote
lilikuwa na safu moja tu, ya uzito.

Saa tatu ilifika, saa ya kubadilisha.
Jiwe moja kwanza, kamwe si yote mawili.
Akachomoa. Pampu ikalia mlio mwembamba,
Õie akabana pumzi, mkono bado una unga,
nami nikajikuta nimebana yangu,
hadi tulipousikia ule mkwaju mdogo wa plastiki,
*ta*,
na kitaa kikawa kijani.

"Haya," akasema Heldur, "nani anataka chai?"